Modeli ya meli ya zamani hatua kwa hatua: kwanza chagua tarehe

Kila mtu anayetaka kuanza hii kazi huuliza nijenge meli gani, na mimi huwa najibu hiyo ni nusu ya swali, nusu nyingine ni ya tarehe gani. Meli haikai na sura moja. Inashushwa majini ikiwa hivi, vita ikianza inapakwa rangi nyingine na kubandikwa mizinga kila pembe, inaingia chelezoni kwa matengenezo huku wanakata na kule wanaongeza, miaka 10 baadae hata dohani, lile bomba la moshi, sio ile. Usipochagua siku utaishia na chombo ambacho hakijawahi kuelea popote hata saa moja, hata kama kila kipande umekigandisha vizuri kabisa. Manowari yangu ya kwanza ilikuwa Yamato ya Wajapani, nikaijaza mizinga midogo ya kutungulia ndege kama ilivyokuwa 1945 halafu nikaziacha turreti (vibanda vya mizinga vinavyozunguka) mbili za ubavuni ambazo zilishatolewa mapema 1944, ikakaa kwenye shelfu mwaka mzima ndo nikaja kuona kwenye picha. Iliniuma sana. Tangu hapo tarehe ndo kitu cha kwanza ninachoandika kwenye daftari, kabla hata ya kufungua boksi.

Nitaongelea zaidi modeli za plastiki kwa sababu wengi wanaanzia huko, za mbao nitazigusa pale kazi inapotofautiana.

Hatua ya 1: meli na siku yake

Chukua Bismarck, manowari ya Wajerumani. Ilipotoka bandari ya Gotenhafen Mei 1941 ilikuwa na mistari myeusi na myeupe ubavuni na mawimbi ya uongo yaliyochorwa omo (mbele) na tezi (nyuma), tarehe 21 ikiwa imetia nanga kwenye fyodi ya Norwe mabaharia wakaifunika ile mistari kwa kijivu, na tarehe 27 ilikuwa chini ya bahari. Wiki moja tu na tayari kuna modeli mbili tofauti. HMS Victory, ile manowari ya matanga ya Waingereza, ndo zaidi, ilishushwa majini 1765 lakini ile iliyopigana vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805 ilishapitia ukarabati mkubwa wa 1800 hadi 1803, roshani za wazi za tezi zikazibwa, sanamu kubwa ya omo ikatolewa ikawekwa nyingine ya kawaida. Cutty Sark mwaka 1869 ni merikebu ya kukimbiza chai yenye matanga ya mraba kwenye milingoti yote mitatu, 1895 imeuzwa kwa Wareno na kupewa jina la Ferreira, 1916 milingoti imevunjika na inapounganishwa upya matanga ya mraba yanabaki kwenye mlingoti wa mbele tu. Jina la kwenye boksi ni Cutty Sark, ila ipi?

Meli za mizigo watu wanazichukulia poa kwenye hili, wanaona zote ni zilezile. Meli za aina ya Liberty zilijengwa 2,710 Marekani kati ya 1941 na 1945, na moja hiyohiyo mwaka 1943 ni kijivu juu mpaka kwenye maji, ina mizinga omo na tezi, ina maboya makubwa ya kuokolea watu yameegeshwa mteremko kando ya milingoti ili yakifunguliwa yateleze baharini yenyewe. Mwaka 1948 ishanunuliwa na kampuni, mizinga hamna, dohani ina rangi na nembo ya mwenye mali. Halafu kuna swali ambalo kwenye manowari halina uzito sana ila kwa meli ya mizigo ndo kila kitu: siku hiyo ilikuwa imejaa au iko tupu? Meli tupu inaelea juu, ile rangi nyekundu ya chini inatokeza kama mkanda mpana na propela inakaribia kuchungulia. Iliyojaa imekaa chini mpaka alama ya Plimsoll, ile duara lenye mstari katikati ya ubavu, ambayo sheria ya Uingereza ililazimisha kuanzia 1876 baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuipigania kwa sababu wenye meli walikuwa wanazipakia kupita kiasi na mabaharia wanakufa. Kwa hiyo ukijenga stima ya Kiingereza ya 1890 bila ile alama kuna kitu kimekosekana, na ukiiweka kwenye ya 1860 umewahi.

Kama hujawahi kujenga kabisa ushauri wangu ni meli ya mizigo ya mvuke, Liberty au inayofanana nayo. Mbavu zimenyooka, sitaha iko wazi mikono inaingia, mizinga michache. Watu wanakimbilia manowari kubwa kwa sababu ya jina, wanafika kwenye mizinga midogo 100 na kitu inayofanana wanachoka na boksi linarudi kabatini. Ya matanga usianze nayo, nitaeleza huko kwenye kamba.

Hatua ya 2: skeli, na pima meza yako

Hesabu ni rahisi, urefu wa meli halisi gawanya kwa namba ya skeli. Bismarck ilikuwa na mita 251, kwenye 1:350 inatoka kama sentimita 72 na kwenye 1:700 ni 36. Liberty ina mita 134 na nusu, yaani sentimita 38 au 19. Cutty Sark ya 1:96 bodi lake, yaani mwili wa meli wenyewe, ni kama sentimita 67, ila ukijumlisha ule mlingoti unaochomoza omo inakaribia 90, na hapo hujapima urefu wa kwenda juu. Pima shelfu kwanza. Nasema hivi kwa sababu modeli ya meli ni ndefu na nyembamba, haikai pembeni ya kitu, inataka sehemu yake.

Kitu wengi hawakifikirii ni kwamba ukitoka 1:700 kwenda 1:350 urefu unazidi mara mbili, lakini eneo la kupaka rangi na kujaza vitu linazidi mara nne. Sitaha ambayo kwenye 1:700 inaonekana imejaa, kwenye 1:350 itaonekana tupu usipoongeza kamba, ndoo, milango, ngazi na watu. Mtu wa mita 1.7 kwenye 1:350 ni milimita 5 hivi, kwenye 1:700 ni milimita mbili na nusu. Kwa kazi ya kwanza naipenda 1:350 ya meli fupi kuliko 1:700 ya meli ndefu, vidole vinashika kitu kinachoshikika. Ila 1:700 ndo ina uchaguzi mpana sana wa manowari za Vita vya Pili, hiyo ilitokana na kampuni za Kijapani, Tamiya, Aoshima, Hasegawa na Fujimi, ambazo 1971 zilianza pamoja mfululizo wa modeli zilizokatwa kwenye mstari wa maji, kila moja ikagawiwa meli zake.

Za mbao za matanga utakutana sana na 1:48, 1:64, 1:72 na 1:96. Hiyo 1:48 ni ya zamani mno, ni robo inchi kwa futi moja, ndo kipimo cha modeli nyingi za mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza karne ya 17 na 18, zile ambazo chini wameacha mataruma (mbavu za meli) wazi bila ubao unaona mpaka ndani.

Hatua ya 3: picha, na jinsi ya kutoziamini

Tafuta picha za meli yako zenye tarehe. Picha isiyo na tarehe itumie kwa umbo tu, usiitumie kwa rangi wala silaha. Panga kwa mwaka, halafu weka alama nyekundu kwenye kila kinachobadilika kati ya picha moja na inayofuata: mlingoti, rada, boti, idadi ya maboya, matundu ya dirisha yaliyozibwa. Hii inaweza kukuchukua wiki mbili na sio wiki za kupoteza, kwangu ni sehemu tamu kuliko zote.

Angalia hapa kidogo kwa sababu imewapoteza wengi. Picha nyeusi na nyeupe za zamani nyingi zilipigwa kwa filamu ambayo haioni nyekundu, kwa hiyo nyekundu inatoka nyeusi, njano inatoka nzito kuliko ilivyo, na bluu inatoka nyepesi karibu nyeupe. Ukiona mkanda mweusi kwenye dohani kwenye picha ya 1910 usikimbilie kopo la nyeusi, inawezekana kabisa ni nyekundu. Linganisha na kitu unachokijua rangi yake kwenye picha hiyohiyo, bendera inasaidia sana.

Mtego wa pili ni meli za makumbusho. Ni nzuri na ukipata nafasi ya kuiona moja nenda, hakuna picha itakayokufundisha ukubwa wa nanga kama kusimama chini yake. Ila ile unayoiona ni meli ya leo. HMS Belfast iliyoko London iliingia kazini 1939, ikafanyiwa ukarabati mkubwa 1956 hadi 1959, milingoti ya vyuma vya kimiani unayoiona leo ni ya baada ya hapo, ya wakati wa vita ilikuwa ya miguu mitatu. Liberty mbili bado zinatembea kwa mvuke, SS Jeremiah O'Brien San Francisco na SS John W. Brown Baltimore, nazo zina vifaa vya usalama vya sasa ambavyo 1943 havikuwepo. Hata rangi: HMS Victory kwa miaka mingi ilikuwa na mistari ya njano iliyokolea, wakachunguza tabaka za rangi za zamani, na 2015 ikapakwa upya rangi iliyopauka inayoelekea chungwa kidogo. Modeli nyingi kwenye mashelfu duniani bado zina ile njano.

Hatua ya 4: nyenzo

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, ila huhitaji nyingi. Kisu chembamba chenye blede za kubadilisha, kibano kimoja cha ncha kali na kimoja cha ncha iliyopinda, koleo ndogo ya kukatia vipande kwenye fremu (vile vijiti vya plastiki vinavyovishikilia), msasa wa 400, 600 na 1000, drili ya mkono ya vidole yenye vijiti vya milimita 0.3 hadi 1, gundi ya plastiki iliyo nyepesi kama maji, yenye brashi, supagluu, puti, tepu ya kufunikia rangi, na taa nzuri. Taa isiwe ya mwisho kwenye orodha yako, mwanga mbaya unaharibu kazi kuliko kisu kibaya. Brashi ya hewa ni raha kwa bodi kubwa lakini kopo la kupulizia linatosha kwa modeli chache za kwanza.

Fungua dirisha ukiwa na rangi na gundi. Na vipande vya resini visugue kwa maji ukiwa umevaa barakoa, vumbi lake sio la kuvuta.

Hatua ya 5: bodi

Kwa plastiki, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ziache zikauke. Gandisha nusu mbili za bodi kwa gundi ya maji ukianzia omo ukienda tezi kipande kwa kipande, bana kwa tepu, usipake urefu wote kwa mkupuo. Weka vizuizi vya plastiki nene ndani kati ya ubavu na ubavu kila baada ya sentimita 8 hivi, kwa sababu bodi refu hupenda kujikunja na sitaha ikija haiingii. Acha usiku mzima. Kesho yake ziba pengo kwa puti, sugua kwa msasa wenye maji, pulizia praima, ile rangi ya msingi, na praima itakuonyesha makosa yote ambayo jicho halikuyaona. Rudia. Mimi narudia mara tatu, wakati mwingine nne, mpaka kidole kikipita hakisikii kitu.

Toboa matundu ya madirisha sasa hivi kwa drili ya mkono, na yale ambayo kwenye tarehe yako yalikuwa yamezibwa usiyatoboe. Manowari nyingi zilizibwa madirisha ya chini vita ilipoendelea, wenye boksi huwa hawajali hilo.

Kwa mbao ni dunia nyingine. Unaanza na mkuku, ule uti wa chini wa meli, unapachika mataruma, na kabla ya ubao wowote unasugua kingo za mataruma ili ubao ulale wote na sio kugusa pembe tu, hii ndo hatua ambayo wanaoanza huiruka na omo inatoka na matuta. Loweka ubao mwembamba kwenye maji moto dakika 20 au 30, ukunje taratibu, ushike kwa vibanio mpaka ukauke na umbo hilo, ndo ugandishe. Weka ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja kulia. Ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku unapinda kama ndizi na haurudi.

Hatua ya 6: rangi, kabla ya vitu vidogo

Mstari wa maji kwanza. Weka bodi mezani likiwa limesimama sawasawa tezi na omo, funga penseli juu ya kibao kwa urefu unaotaka, sukuma kibao kulizunguka bodi lote na penseli ikichora. Usifuate tu mstari uliochongwa kiwandani kama meli yako siku hiyo ilikuwa imejaa au tupu. Paka nyekundu ya chini, funika kwa tepu, paka mkanda mweusi wa kwenye maji kama ulikuwepo, funika, halafu rangi ya ubavu. Kandamiza ukingo wa tepu kwa ukucha na upulizie kwanza rangi ileile ya chini juu ya ukingo, ikiingia ndani itaziba na rangi inayofuata haitapenya.

Rangi ya kopo hata kama ni sahihi kabisa itaonekana nzito sana kwenye modeli. Ukitazama modeli ya 1:350 kwa umbali wa mita moja ni kama unaitazama meli halisi ukiwa mita 350, na kwa umbali huo hewa yenyewe inafifisha rangi. Kwa hiyo changanya nyeupe au kijivu nyepesi kidogo, na kadiri skeli inavyokuwa ndogo ndo unaongeza. Nyeusi tupu na nyeupe tupu situmii kabisa kwenye meli.

Kama tarehe yako inaangukia 1917 au 1918 na meli ina ile michoro ya kuchanganya macho, jua kwamba kushoto na kulia havifanani, usigeuze mchoro wa upande mmoja ukaupachika upande wa pili. Wazo lile la mchoraji Mwingereza Norman Wilkinson halikuwa kuificha meli, lilikuwa kumfanya kapteni wa nyambizi akosee meli inaelekea wapi. Na walilijaribu kwa modeli, za mbao, ndogo, zikapakwa rangi zikazungushwa mezani na mtu anatazama kupitia periskopu, ndani ya Royal Academy, taasisi ya sanaa pale London. Kila nikipaka mistari ile huwa nawakumbuka wale watu waliokuwa mezani kama mimi, ila wao kosa lao lilikuwa linapimwa kwa maisha ya mabaharia.

Sitaha ya mbao isipakwe kahawia ya fanicha. Mbao inayopigwa jua na chumvi na kusuguliwa kila siku inapauka, inaelekea kijivu cha mchanga. Paka rangi ya mchanga, halafu chagua bao moja moja ulipake tofauti kidogo, mwisho pitisha maji ya rangi ya kahawia nyepesi yaliyopunguzwa sana. Liberty sitaha yake ni chuma, kwa hiyo ni kijivu.

Kutu: manowari ilikuwa na mabaharia mamia na kazi yao nyingine ilikuwa kupaka rangi, kwa hiyo usiijaze kutu kama kopo la jaani, weka kidogo chini ya nanga na kwenye matundu ya maji. Meli ya mizigo iliyovuka bahari mara 10 bila kupumzika hiyo ipe, lakini kwa mistari inayoshuka chini, nyembamba kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 7: vibati vya shaba

Hivi ni vile vipande vyembamba kama karatasi vilivyokatwa kwa kemikali, vizuizi vya pembeni ya sitaha, ngazi, rada, kreni. Ndo vinavyoitoa modeli kwenye sura ya toi, kwa sababu plastiki haiwezi kuwa nyembamba hivyo. Kata juu ya kigae au kioo, sio juu ya kitu laini, la sivyo vinajikunja. Pulizia praima na rangi vikiwa bado kwenye fremu yake. Vizuizi vipime kwanza kwa ukanda wa karatasi, kunja kona kabla ya kugandisha, shika kwa vitone viwili vya supagluu kwenye ncha, hakikisha vimesimama wima, ndo upitishe gundi nyembamba kwa ncha ya waya. Kipande kimoja kirefu kinachopinda na omo yote kinaonekana rahisi ila kinasumbua, kata vipande vitatu na uungie penye nguzo.

Anzia katikati ya meli nenda nje. Vizuizi vya ukingo wa sitaha viwe vya mwisho kabla ya kamba, kwa sababu ukivitanguliza utavivunja kwa mkono kila unapofikia kitu cha ndani.

Hatua ya 8: milingoti na kamba

Milingoti ya plastiki ya skeli ndogo hupinda baada ya kuvutwa na nyuzi. Ibadilishe kwa waya wa shaba au bomba jembamba la shaba, foromali (miti ya kukingama inayobeba matanga) pia. Hapa usionee huruma vipande vya boksi.

Kwa manowari na stima, uzi wa cherehani haufai, ni mnene na una manyoya. Kamba ya sentimita 2 kwenye 1:350 ni milimita 0.06, karibu unywele wa mtu. Chukua kipande cha fremu ya plastiki, kipashe juu ya mshumaa huku unakizungusha mpaka kianze kung'aa na kulegea, kitoe kwenye moto, hesabu moja, vuta. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba sana, taratibu unapata mnene. Gandisha kwa kitone, halafu ukiwa umelegea sogeza kijiti cha udi kinachofuka karibu bila kugusa, joto linaukaza wenyewe. Njia nyingine ni nyuzi za mpira nyembamba zinazovutika, hizo hata mkono ukizigonga hazikatiki, mimi siku hizi natumia hizo kwa zile ndefu na plastiki kwa zile fupi.

Sasa matanga. Cutty Sark halisi ina karibu kilometa 18 za kamba, hutafunga zote, lakini lazima ujue zimegawanyika mbili. Kuna kamba zinazoshika milingoti isianguke, hizi hazisogei, zilipakwa lami kwa hiyo ni nyeusi au kahawia nzito sana. Na kuna zinazovuta matanga na foromali, hizi zinapita kwenye kapi na mikononi mwa mabaharia, kwa hiyo ni rangi ya katani. Ukifanya zote nyeusi, au zote nyeupe, jicho linashindwa kusoma merikebu. Funga zile za kushika kwanza, ukianzia chini katikati ukipanda na kutoka nje, na zikaze kushoto na kulia kwa zamu kama ulivyofanya ubao, huku unatazama kutoka mbele kama mlingoti umebaki wima. Pitisha kila uzi kwenye nta ya nyuki kabla, manyoya yanalala na vumbi halishiki.

Vipandio vya kamba, ile ngazi ya mabaharia, vinakaa kama sentimita 33 hadi 38 kimoja kwa kingine. Kwenye 1:96 ni milimita tatu na nusu hivi. Chora mistari kwenye karatasi, ishike nyuma ya kamba, funga fundo moja moja. Mlingoti mmoja unaweza kukuchukua jioni nne. Usifunge kwa kukaza sana, ukikaza kamba zinavutwa kuelekeana na ngazi inabanwa kiuno, nimefungua kazi ya siku mbili kwa kosa hilo.

Na hili nalitamani kila mtu alijue: kama matanga yamekunjwa, foromali za juu hazikai juu. Zile zinazopandishwa kwa kamba zilishushwa tanga linapokunjwa, zikapumzika chini, zilipanda tanga lilipofunguliwa. Modeli nyingi sana, hata za bei kubwa, zina matanga yamekunjwa au hayapo kabisa na foromali zote ziko juu kana kwamba merikebu inakimbia na upepo. Amua siku yako, iko bandarini au iko baharini, na ushushe au upandishe kulingana na hilo.

Hatua ya 9: winchi, shehena, na kuisoma siku upya

Liberty ina ngama (vyumba vya shehena) tano, tatu mbele ya daraja la nahodha na mbili nyuma, na mikono ya kupakulia imefungwa kwenye milingoti. Ikiwa baharini mikono imelazwa na kufungwa. Ikiwa gatini imeinuliwa, waya zinaning'inia, milango ya ngama iko wazi na winchi zina watu. Usichanganye. Kama iko baharini 1943, sitaha ni sehemu nzuri ya kusimulia: malori, vifaru, ndege kwenye makreti, vyote vimefungwa kwa minyororo kwenye sitaha. Hivyo vitu kwenye 1:350 vinapatikana, na kwenye 1:700 kreti unaweza kukata mwenyewe kwa plastiki bapa. Weka mzigo uzito uko pande zote mbili sawa, kama mpakiaji wa kweli angefanya.

Halafu chukua daftari lako, soma tarehe, zunguka meli nzima. Kama inatembea, nanga imepanda, ngazi ya pembeni imetolewa, boti ziko mahali pake. Bendera ndogo ya omo kwenye manowari za Uingereza na Marekani hupandishwa ikiwa imetia nanga au imefungwa gatini, ikiwa inatembea haipo. Nimeona kazi nzuri mno ya miezi 8 yenye povu la mawimbi omo na ile bendera inapepea juu yake.

Hatua ya 10: bahari au stendi, na kabati

Ukitaka bodi lote lionekane, ipe stendi ya nguzo mbili za shaba, toboa na uweke nati ndani ya bodi mapema, kule kwenye hatua ya 5, kabla hujalifunga. Ukitaka bahari, karatasi ya aluminiamu iliyokunjwakunjwa na kunyooshwa inakupa mawimbi madogo mazuri, paka bluu ya kijani iliyokolea, mwisho vanishi ya kung'aa tabaka nyingi. Ukubwa wa povu ufuate mwendo. Liberty ilikuwa inaenda kama kilometa 20 kwa saa, povu lake ni jembamba, ukiipa mawimbi ya manowari inayokimbia umeipa injini ambayo haikuwa nayo.

Kabati ni lazima, vumbi likiingia kwenye kamba halitoki. Ila usitumie mbao ya mwaloni kwa sehemu ya ndani, na usilizibe kabisa lisipumue. Mwaloni unatoa hewa yenye asidi, na vipande vya risasi kama nanga na mizinga vinaota unga mweupe na kuliwa taratibu, makumbusho mengi yamepoteza vifaa vya modeli za zamani kwa njia hiyo. Acha matundu madogo nyuma yenye kitambaa cha kuzuia vumbi, na liweke mbali na jua la dirisha kwa sababu jua linaozesha nyuzi na kufubaza nyekundu kwanza kabla ya rangi nyingine.

Kibao cha jina ndo cha mwisho. Jina la meli, skeli, na ile tarehe uliyoiandika kwenye daftari siku ya kwanza, siku na mwezi na mwaka kama unavijua vyote vitatu, ili anayetazama ajue anaangalia siku gani.